Kiarabu cha Bibi wa Juu

Katika miaka ya tisini, tulipokuwa tukikaa Darsait, mtaa wa Maskati, mimi nilikuwa na safari mbili tu duniani: kwenda kazini Al Khuwair na kurudi kutoka Al Khuwair. Nikisharudi, nikavua kanzu nikavaa kikoi, sebule ilikuwa nchi yangu na kochi ndilo makao makuu. Mama alikuwa akiwaambia wageni mbele yangu, "Huyu siku akioa, bibi harusi itabidi aletwe papa hapa, tumpishe tu aketi pembeni yake." Wageni wakicheka nami nacheka, maana kucheka hakumlazimu mtu kusimama.

Baba alikwisha kufariki, na dada zangu walikwisha kuolewa. Tulibaki mimi, mwenye cheti cha sekondari na meza wizarani, na mama, mwenye kila kitu kingine. Mama alizaliwa Unguja, akaolewa Tabora, akaletwa Maskati akiwa mtu mzima, masikio yameshajifunga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuonyeshea watu. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza. Miaka yote ile nchini, dukani bado alikuwa akinunua kwa kidole. Sisi tuliotoka Afrika tulichekwa sana Kiarabu chetu siku hizo, naye alijua anachekwa, kwa hiyo alikata shauri kukisema kidogo na kwa sauti kubwa.

Basi ghorofa ya juu yetu akahamia mhandisi wa mabomba ya maji, Mwingereza kwa pasipoti, pamoja na mama yake mzee. Mhandisi mwenyewe tulikuwa tukimsikia viatu tu. Wiki nzima alikuwa kambini jangwani. Anafika Jumatano jioni, anaondoka Ijumaa mchana, maana mapumziko ya wiki nchini siku hizo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Mama yake anabaki peke yake na viyoyozi viwili.

Siku ya kwanza mama alikutana naye kwenye ngazi, bibi wa watu kabeba mfuko wa mabilingani, kavaa gauni la Kizungu na soksi. Mama alirudi ndani anahema kwa furaha.

"Mwanangu! Yule Mzungu wa juu anasema Kiarabu kibovu kuliko changu!"

Aliifurahia habari hiyo kama aliyeokota pete njiani. Mara moja akapakua achari ya embe kwenye bakuli, akanituma juu, na mimi nikapanda ngazi zile kwa manung'uniko, kwa sababu hazikuwa njia ya Al Khuwair.

Kumbe hakikuwa kibovu. Bibi alionja achari kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema kwao waliila hivyo hivyo, tangu utotoni. Kwao wapi? Baghdad. Alikuwa Myahudi wa Baghdad, aliyetoka huko msichana akazeekea London. Akaniketisha akanieleza, polepole, kama mtu anayefungua sanduku la nguo nzuri. Katika mji ule Waislamu walikuwa na Kiarabu chao, Wakristo chao, na Wayahudi chao. Mtu akitoka kwenda sokoni alibadili ulimi kama anavyobadili viatu, akirudi nyumbani anavivua. Sasa wale watu wake wametawanyika nchi za mbali, na watoto wao wanasema lugha za huko walikofikia. Waliobaki na ile ya nyumbani ni wazee, na kila mwaka wanazikana. Dada yake, aliyekuwa akizungumza naye kila siku, alifariki mwaka mmoja kabla ya wao kuja Maskati.

"Na mwanao?" nikamuuliza.

"Anafahamu kila kitu. Namwambia njoo ule, anakuja. Namwambia vaa sweta, anavaa. Lakini akinijibu, ananijibu Kiingereza." Akapangusa bakuli letu ingawa lilikuwa kavu. "Asubuhi naviita vyombo vyangu vya jikoni kimoja kimoja kwa majina yake, nisije nikasahau. Vyombo navyo vinasikia vizuri sana. Mimi, ibni, mwanangu, nataka mtu wa kunijibu."

Nilishuka nikampa mama habari zote, pamoja na kwamba Bibi wa Juu ni Myahudi. Mama alifikiri kidogo.

"Nyama yetu anakula?"

"Hali."

"Achari je?"

"Kamaliza."

"Basi."

Kikao chetu cha mambo ya dini kiliishia hapo.

Tangu siku ile kila alasiri Bibi alikuwa akishuka, isipokuwa siku ambazo mwanawe yupo. Hizo mama alikataa katakata hata kugonga mlango wao, akisema mtu na mwanawe waachwe washibane. Siku nyingine zote walikaa kwenye mkeka wa jikoni, wakichambua mchele na watu. Mimi nikiwa kwenye kochi niliwasikia. Mama alikuwa hasahihishwi na hachekwi. Akikwama, Bibi anamtilia neno mdomoni kama anayemlisha, na mama anaendelea mbio. Kile Kiarabu cha Bibi kina gh nyingi. Kila mahali watu wengine wanaposema ra, wao wanaikoromea kooni. Na gh ni kitu ambacho mtu wa Unguja hakosi. Kichwa, ambacho Waarabu wote ninaowajua wanakiita ras, Bibi alikiita ghas, na baada ya miezi michache mama naye alikuwa na ghas. Akaokota na neno la mahaba ambalo Bibi alimwambia kila mtu, abdalak, yaani niwe fidia yako, balaa lako linipate mimi.

Nilijua mambo yamekuwa mambo siku mwenye duka la chini aliponishika mkono.

"Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Unguja. Si unajua?"

"Huyo alikuwa wa zamani. Huyu wa sasa ni wa wapi? Leo kanunua vitunguu kwangu na kanifia mara tatu."

Sikumwambia mama kitu. Yeye aliamini kwamba hatimaye amejua Kiarabu, na kweli alikuwa amejua. Miaka yote nimemngoja mama yangu aseme. Sasa kasema, nianze kumchagulia kipi? Lakini nilipokuwa nimelala pale kwenye kochi nilicheka peke yangu. Lugha ambayo watoto wa wenyewe wameikimbia imepata msemaji mpya Darsait, mjane wa Tabora, na hana habari.

Hapo likaingia joto, na kwa joto zikaingia Jumamosi.

Kuna jambo ambalo sisi hatukulijua wakati ule, nanyi nawapa mapema msije mkateseka. Kwa watu wa Bibi, kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, mtu hawashi moto wala hagusi swichi. Wala hamwamuru jirani amwashie. Anachoweza ni kutaja hali ilivyo, kwamba pana giza, kwamba pana joto, kisha angoje jirani afahamu mwenyewe. Kila Ijumaa mwanawe kabla ya kuondoka alikuwa akimwachia taa na viyoyozi vinawaka, na majira ya baridi yote hatukuona lolote. Kiangazi kilipokolea, viyoyozi vikawa vinafanya kazi kupita kiasi na swichi kuu ikawa inajikata. Fundi wa Wadi Kabir aliitwa Alhamisi, akaitengeneza vizuri sana, ikakaa mpaka Ijumaa usiku.

Mtu mwenye sharti kama lile alihitaji jirani asiyejua mafumbo. Mungu akampa mama yangu.

Maana kwa mwanamke wa Unguja wa rika lake, hakuna mtu anayesema "kwangu kuna joto" akakusudia joto. Mama alikulia katika mtaa ambao mtu alinunua kanga kwa ajili ya jirani mmoja, akaivaa mara moja, na huyo jirani akahama. Maneno yaliyonyooka aliyaona ni ya watoto na polisi.

Jumamosi ya kwanza nimerudi kazini nawakuta mkekani. Bibi uso umemwiva, anajipepea na sahani.

"Leo kwangu kuna joto," akasema.

"Pole," akasema mama.

Bibi akamtazama mama. Mama akamtazama Bibi.

"Viyoyozi vimekufa. Vyote viwili."

"Lo."

"Na taa pia."

Akangoja, akangoja, kisha akaaga akaondoka. Mama akafunga mlango taratibu, akaja kusimama baina yangu na televisheni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia. Ana joto."

"Joto! Wewe hiyo sekondari ulikwenda kufanya nini? Kiyoyozi kimoja ni kiyoyozi. Viwili, tena na taa juu yake, hayo ni maneno! Viwili vilivyokufa ndani ya nyumba ndo nani? Mimi na wewe! Mimi mjane, na wewe umelala hapo kama maiti. Na taa ndo mke asiyekuwepo. Nnakwambia, kanisema humu humu jikoni mwangu, na chai yangu kanywa!"

Nilijitazama pale nilipolala. Hoja ya maiti ilikuwa na nguvu, kwa hiyo sikubisha.

Wiki nzima mambo yalikwenda kama kawaida, mama akiwa na adabu ya kutisha. Jumamosi iliyofuata Bibi akaja tena, safari hii kajifunga kitambaa chenye maji kichwani, na akajaribu kusaidia zaidi.

"Kuna swichi kwangu," akasema, "ukutani, juu ya friji. Imeshuka. Na mimi ni mfupi."

Mama aliweka chini ungo. Nilimwona akikusanya maneno, na nakiri nilikaa kitako kidogo, jambo ambalo silifanyi ovyo. Akalijibu fumbo kwa fumbo, kwa Kiarabu fasaha cha Wayahudi wa Baghdad, kila gh mahali pake:

"Kilichoshuka kwa mwenyewe, jirani hakipandishi."

Bibi akainuka kwa kushika ukuta, akasema Mungu akupe afya, akapanda kwake kwenye joto.

Hakushuka tena.

Siku mbili za mwanzo mama alitembea nyumbani kama aliyeshinda kesi. Siku ya tatu akaanza kusikiliza dari. Viatu vya Bibi vikipita juu, mama anaacha kukuna nazi. "Anatafuta la kunijibu," ananiambia. Wiki ikapita, dari haikujibu. Chai ya alasiri mama akawa anatia vikombe viwili kwa mazoea, kile cha pili ananiletea mimi, nami nakinywa kama mtu anayekalia kiti cha mwenzake.

Mimi nilimkuta Bibi kwenye ngazi, kapumzika katikati na mkate wake.

"Mama yako amechoka nami?"

"Hapana, khala. Kwani ulitaka nini siku ile?"

"Sikutaka kitu. Ilikuwa Jumamosi." Alilisema kama jibu kamili, nami nikalichukua kama majibu ya wazee, yanayopita juu ya kichwa. "Kwetu jirani hakuwa akielezwa," akaongeza. "Jirani wa kuelezwa, huyo ni mgeni." Halafu akacheka kidogo, si kwa furaha. "Vijiko viwili wiki hii vimekosa majina. Asubuhi nimesimama navyo mkononi, wapi! Mwambie mama yako. Hapana, usimwambie."

Nikamwambia. Nilidhani atahurumia.

"Vijiko viwili!" Mama akapiga makofi. "Kwanza viyoyozi viwili, sasa vijiko viwili! Huyu hesabu yake haitoki kwangu na kwako! Na vimekosa majina, yaani sisi watu wasio na jina! Haya, na tuone."

Lakini usiku huo hakula.

Goti bovu la mama ndilo lililotuokoa, goti pamoja na kichwa. Alhamisi asubuhi, kwa kuwa nilikuwa sina kazi na nimekosa pa kujificha, nikampeleka mama zahanati moja ya binafsi Ruwi. Daktari alikuwa Mwiraki mzee, mpole, aliyeandika bila kuinua macho.

"Nini kinakusumbua, mama?"

"Ghasi yujaani, abdalak," akasema mama. Kichwa kinaniuma, niwe fidia yako.

Kalamu ikasimama. Daktari akainua uso, akamtazama mama, akatazama buibui lake, akatazama kanga iliyochungulia chini yake, akanitazama mimi.

"Mama, wewe ni mtu wa Baghdad?"

"Mimi mtu wa Unguja. Nimeolewa Tabora."

Akamwomba aseme tena. Mama akasema tena, na kwa kuwa anapenda kusikilizwa akatia na goti. Daktari alivua miwani. Alicheka, na machozi yalimtoka, na sikuweza kupambanua ni ya kipi. Lugha ile, alisema, ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa nyumba yao, wakati yeye mdogo. Wale jirani waliondoka wote katika muda mfupi, na tangu siku hizo hajaisikia. Hakutegemea kuisikia Ruwi, tena kwa mgonjwa wa goti.

"Nani kakufundisha?"

"Sikufundishwa," mama akasema kwa kujivuna. "Ndicho Kiarabu changu."

Nikamweleza daktari juu ya Bibi wa Juu. Mama, alipoona pamepatikana mtu mzima wa kusikiliza, akaifungua kesi. Alimshitaki Bibi tangu mwanzo. Anakuja, anakaa, ananisema.

"Kila siku?"

"Jumamosi tu. Siku nyingine mtu mwema."

"Jumamosi," daktari akarudia. "Anakusemaje?"

"Taa. Viyoyozi. Mara joto, mara swichi imeshuka."

Daktari alijiziba mdomo kwa mkono wenye kipimo cha presha. Kisha akatueleza lile sharti, kama nilivyokwisha kuwaeleza nyinyi. Mama yake mwenyewe, alisema, alikuwa akienda kwa jirani kila Jumamosi. Haambiwi washa. Anaambiwa mbona leo giza, anawasha, wanaendelea na mazungumzo mengine kama hakuna kilichotokea.

Sijapata kumwona mama ametulia namna ile.

"Kwa hiyo joto lilikuwa joto?"

"Joto, mama."

"Na swichi?"

"Swichi."

"Juu ya friji?"

"Nadhani hivyo."

Mama akanigeukia polepole. "Nawe ulikuwepo!"

Presha yake, daktari alipoipima, ilikuwa juu, akasema ataipima tena siku nyingine kwa haki.

Tulirudi kwa teksi. Tulipofika mlangoni kwetu, mimi nikatoa ufunguo, mama akapita. Akaendelea kupanda na goti lile lile, ngazi moja moja, akinung'unika kwa Kiswahili, "Bibi wa watu kakaa ndani ya tanuri, na mimi nnamtungia methali." Nilimkumbusha kwamba ni Alhamisi, mwanawe yupo. Alinijibu kwa mgongo.

Akafungua mhandisi mwenyewe, mtu mrefu, kavaa bukta, kikombe mkononi. Akatusalimia Kiingereza.

"Mama yako yuko wapi, abdalak?" mama akamuuliza.

Alimtazama mama kama mtu aliyesikia redio ikisema nayo imezimwa. Kikombe kiliinama, chai ikamwagika mguuni, hakuhisi. Akajibu kwa Kiingereza, kwa haraka, kwamba mama amepumzika.

"Anasemaje?" mama akaniuliza. Nilifungua kinywa nitafsiri. "Nyamaza. Aseme mwenyewe." Akamrudia. "Mimi sina Kiingereza, mwanangu. Sema cha kwenu."

Yule bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama chini, akatazama juu, akatafuta. Ilipotoka sauti, haikuwa ya mhandisi. Ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.

"Mama... kalala. Si kalala. Kichwa. Kichwa chake ki... ki..."

"Kinamuuma."

"Kinamuuma."

"Vizuri. Sasa mpelekee maneno yangu. Mwambie Jumamosi nitakuja mwenyewe, asinieleze taa wala joto. Na mwambie nimemkosea. Hebu yaseme niyasikie."

Akayasema, akivunja huku na kuunga kule, na mama akimtengeneza, mwanamke wa Unguja akimnyoosha mwana wa mtu wa Baghdad lugha ya mama yake. Hapo ndipo nilipoliona pazia la ukumbini nyuma yake. Chini ya pazia palikuwa na miguu miwili yenye soksi.

Mama naye aliiona. Nilingoja amwite Bibi, wakumbatiane, mambo yaishe, nami nirudi nyumbani. Hakumwita. Aliegemea kizingiti kama mtu aliyefika kukaa, akasema:

"Wanasema wewe ni bwana maji. Haya, nieleze. Haya maji ya bomba yanatoka wapi?"

Mhandisi alinitazama mimi aniokoe. Mimi nikatazama ukuta.

"Bahari," akaanza. "Bahari ina chumvi. Sisi tuna... sufuria. Sufuria kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kama nyumba. Tunachemsha bahari. Moshi, si moshi, ule wa sufuria..."

"Mvuke," akasema mama, kwa gh nzito kama ya Bibi mwenyewe.

"Mvuke! Unapanda, unapoa, unakuwa maji. Maji matamu."

Maisha yake yote ya kazi, na hana ila maneno ya jikoni ya kuyaelezea. Jasho lilimtoka. Mama yangu, ambaye mabomba hayamhusu wala hayatamhusu, alitikisa kichwa kwa makini sana.

"Na ile chumvi," akauliza, "nayo inakwenda wapi?"

Akavuta pumzi, akaanza tena, sasa kwa mikono miwili. Nyuma yake vidole vya Bibi vilishika ukingo wa pazia, vikalishika vizuri, na havikulifungua.